Unyumba

Katika riwaya pendwa za mapenzi, zifaazo kumliwaza dereva wa lori angojaye zamu yake kwenye mizani ya Mariakani, staha ya mwandishi haipimwi popote kama pale wapendanao wafungapo mlango. Na hapo ndipo lugha yetu, yenye hazina kubwa ya tafsida, humkirimu neno unyumba, lililozaliwa na nyumba, likabeba haki, wajibu na raha ya mume na mke pasi na kutaja kiungo hata kimoja. Walakini neno hilo lina mpaka wake, kwani wasiooana hawapeani unyumba, na kwa sababu hiyo wasimuliao mapenzi ya siri hukimbilia “kukutana kimwili”, ibara kavu ya mahakamani, au hutumbukia katika matusi.

Na mambo hayo ya faragha yakielezwa waziwazi huzua hofu: riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa ajili ya uwazi wake, kisha ikaja kusomeshwa. Nami naona walioihofu walikosea, maana aibu ilikuwa katika madhila aliyoyafichua mwandishi.

Basi, enyi waandishi vijana wa Kilifi, waulizeni mabibi na makungwi wenu maneno ya faragha, myaandike.