Damu yetu, ujuzi wa nani? Ukoloni katika kazi ya uganga na utafiti Kongo

Timu ya chanjo ikiingia mu kartie, kuna wazazi wanaofunga mlango. Wengi husema ni ujinga tu. Lakini hofu hiyo iko na historia, na mwanzo wake unaonekana hapa hapa Lubumbashi.

Mbu na mpaka wa rangi

Mtu akitoka Luano, akapita katikati ya mji mpaka Kamalondo, anavuka pahali palipoitwa zoni netre. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910. Katika miaka ya 1920 Wabeleji waliacha nafasi ya mita 700 hivi kati ya mji wa wazungu na makao ya watu weusi, yaani komini Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Sababu waliyotoa ilikuwa ya afya: mbu aliyemuuma mtu mweusi asipeleke malaria kwa mzungu. Hata hivyo, maboyi walilala nyuma ya nyumba za wazungu hao hao, juu kazi yao ilihitajika. Mbu hakujua kama huyu ni boyi.

Katika makambi ya Union Minière pia, afya ilifuata hesabu ya kazi. Mwaka 1933 munganga wa kampuni hiyo, René van Nitsen, alitoa kitabu kizima juu ya usafi wa wafanyakazi weusi makambini. Mfanyakazi mgonjwa hachimbi shaba.

Ruzizi, 1958

Kati ya Februari na Aprili 1958, watu zaidi ya 215,000 wa bonde la Ruzizi walipewa chanjo ya poliyo ya mdomo kwa muda wa wiki chache. Iliitwa CHAT, na ilitengenezwa na Hilary Koprowski wa Wistar Institute, Philadelphia. Wakati ule hakuna chanjo ya poliyo ya mdomo iliyokuwa imeruhusiwa Marekani. Mkaaji aliyeitwa na utawala wa kikoloni hakuwa na njia rahisi ya kukataa. Kiisha, dunia ilichagua chanjo ya mtu mwingine, Albert Sabin.

Miaka mingi nyuma, uvumi ulitokea kwamba CHAT ndiyo ilileta Ukimwi. Utafiti ulionyesha si kweli: virusi vilikuwa vimekwisha kuingia kwa watu miaka mingi mbele ya 1958. Lakini uvumi ulipata nafasi kwa sababu watu walijua kwamba zamani ile hawakuulizwa.

Ebola: jina na faida

Mwaka 1976, Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku na kutoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila gans. Damu ya mtawa mmoja ilipelekwa Antwerp, Beleji. Kwa miaka mingi, hadithi ya Ebola iliyosimuliwa Ulaya ilimtaja zaidi Peter Piot, aliyekuwa katika maabara ya kule.

Dawa ya Ebanga ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Ilijaribiwa Kivu ya Kaskazini kuanzia Novemba 2018, na INRB ya Kinshasa ilikuwa kati ya waongozaji wa utafiti. Marekani iliiruhusu Desemba 2020, na kampuni inayoitengeneza ni ya kule. Shirika la MSF lililalamika kwamba akiba kubwa ya dawa za Ebola inakaa Marekani, mbali na wagonjwa.

Katika mlipuko huo, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Vita na siasa vilichangia, na kutoaminiana kwa zamani pia. Aprili 2020, munganga mmoja na mtafiti mmoja wanaofanya kazi Ufaransa walisema kwenye televisheni kwamba chanjo fulani ijaribiwe Afrika juu ya Korona. Mkuu wa OMS, Tedros, aliyaita maneno hayo mabaki ya akili ya kikoloni.

Kuuliza ni haki

Chanjo ya kawaida na utafiti ni vitu viwili. Chanjo ya kawaida ya poliyo imejulikana kwa miaka mingi, na ugonjwa wenyewe umeonekana tena Haut-Katanga, Haut-Lomami na Tanganyika. Mtoto asiyechanjwa ndiye anayelipa deni la ukoloni kwa miguu yake.

Katika utafiti, Tangazo la Helsinki la 1964 linataka mtu akubali kwa hiari yake. Mkaaji anaweza kuuliza kabla ya kuweka sahihi:

- Hii ni matunzo ya kawaida ao ni majaribio?
- Komite gani ya maadili iliruhusu?
- Nikikataa, nitaendelea kutunzwa?
- Damu yangu itaenda wapi, na nani ataitumia?
- Dawa ikifaulu, itapatikana hapa, na kwa bei gani?

Majibu yatolewe kwa luga anayoielewa. Asipoyapata, anaweza kurudi nyumbani bila kuweka sahihi.