Wazee Wetu Walishika Historia kwa Picha

Leo tuzungumze historia ya kwetu, Maniema ya kusini.

Kuna neno tunalisikia sana: eti wazee wetu hawakuandika, basi hawakuacha kitu, historia ya Kabambare inaanza siku msafara wa kwanza ulipofika kutoka pwani. Mimi nakataa. Kutoandika si kusahau. Wazee walikuwa na njia yao ya kushika mambo, na njia hiyo ni picha: ile unayoiona kichwani, na ile unayoishika mkononi ili ya kichwani iamke.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana ndiyo tunayoiamini. David Livingstone alikwama Kabambare (yeye aliandika Bambarre) kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu imejaa vidonda. Karatasi zilimwishia. Akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani, mistari yake ikikatiza ile iliyochapishwa, kwa wino wa mimea ya huku. Wino ukafifia. Daftari lake la 1871, lenye habari za mauaji ya sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai, lilikuwa na kurasa ambazo jicho halikuweza tena kuzisoma, mpaka watafiti walipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Maandishi yakatolewa wazi mwaka 2011. Simcheki mzee wa watu. Nasema tu kwamba karatasi nayo inasahau.

Sasa tushuke kusini, kwa jirani zetu Waluba wa Katanga. Huko kulikuwa na chama cha Mbudye, watu waliokabidhiwa kumbukumbu za ufalme. Chombo chao kilikuwa lukasa: kibao cha mbao, chembamba katikati, kimepigwa shanga na vijiti. Mjuzi alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga huku akisimulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia, safari ya Mbidi Kiluwe au ya Kalala Ilunga. Kidole kinatembea, na akili inatembea nacho toka mahali hadi mahali.

Angalieni hapa vizuri. Lukasa si sillabu. Shanga moja haina neno moja lililofungwa. Wasomaji wawili waliweza kusimulia tofauti kwa kibao kilekile, kulingana na wanaosikiliza na shauri lililo mbele yao. Wengine wataona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo nguvu yake: picha haikupi jibu la kurudia, inakulazimisha kuwaza.

Tukipanda kaskazini kwa Walega, Pangi na ng'ambo yake, tunakuta jambo hilohilo ndani ya Bwami. Mtu hakupanda daraja kwa kuambiwa sheria mia moja. Alioneshwa vitu: sanamu ndogo ya pembe ya ndovu au mti, gamba la kakakuona, mdomo wa ndege, na kila kitu kikaja na methali zake na ngoma yake. Sanamu ya Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, ilimfundisha mtu kutazama jambo pande zote kabla ya kukata shauri. Ukishaiona sanamu ile, somo halikutoki tena.

Elimu ya kisasa imefikia nini? Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu waifikirie meza waliyolia chakula asubuhi hiyo, wamweleze wanaona nini kichwani. Wengine waliona kila sahani na rangi yake. Wengine, wakiwemo wanasayansi, walisema hawaoni picha yoyote. Baadaye wataalamu walithibitisha kwamba neno lililoungana na picha linakumbukwa kuliko neno peke yake. Na mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake waliipa jina hali ya kutoona picha kichwani: afantasia. Kwa hiyo vichwa havilingani. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, wazee walifanya akili kuacha picha ndani ya kichwa tu. Waliitoa nje, kwenye shanga na pembe, ili hata asiyeona kichwani aweze kushika kwa mkono na kusikia kwa sikio.

Basi tulipoteza wapi? Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku Bwami. Vitu vingi vilitoka mikononi mwa wenyewe, leo vimekaa ndani ya vioo Ulaya na Marekani. Daniel Biebuyck, aliyeishi na Walega miaka ya 1950, aliandika methali pamoja na vitu vyake, na kazi yake ni ya thamani kwa sababu hiyo. Lakini sanamu nyingi zilisafiri bila maneno yake. Sanamu bila msemaji ni bubu, sawa na gazeti lenye wino uliofifia, na kwa huo ububu hakuna mwanga wa kuusomesha tena.

Wasomi, sisi tumezoea kubloke sillabu usiku kucha, tunaandika mtihani, kisha wiki moja baadaye hakuna kitu. Kazi yetu ya mwisho tunaiita mémoire, na kwa Kifaransa neno hilo ni kumbukumbu. Iwe kumbukumbu kweli. Wewe unayetafuta mada, nenda Kabambare, Kasongo, Pangi. Usimuulize mzee tarehe peke yake. Muombe akuoneshe kitu, kiti, fimbo, njia, mlima, kisha umuulize: hiki kinasema nini? Andika vyote viwili, kitu na neno lake, na jina la aliyelisema. Wazee wenye maneno hayo wanapungua kila msimu wa mvua, na vitu vyao havitatuambia chochote wakishaondoka.