Pawabanki Yako Si Feki, Ni Mzee Tu

Wasee, wiki jana stima ilipotea mtaani kwetu saa mbili usiku. Nilikuwa na video ya mteja ya kupeana asubuhi, na laptopu iko asilimia 11. Nikatoa pawabanki yangu ya kitambo, nikachomeka. Alama ya chaji ikatokea, nikashukuru Mungu, nikaendelea kuhariri. Baada ya dakika ishirini hivi, laptopu ikazima. Asubuhi mteja akapea mtu mwingine kazi.

Niliita hiyo pawabanki feki. Halafu nikasoma historia ya waya wa USB, nikaona nimeikosea heshima. Nilibebesha mzee mzigo wa kijana.

Turudi 1996, mwaka USB ya kwanza ilitoka. Enzi hizo kibodi ilikuwa na tundu lake, printa tundu lake, kila kitu na lake. Intel na wenzake walitaka tundu moja la wote, na mhandisi Ajay Bhatt, mzaliwa wa India, alikuwa kati ya walioongoza kazi hiyo. Shida yao ilikuwa data. Umeme uliongezwa kidogo tu: volti 5, nusu ampea. Zidisha upate wati 2.5. Hiyo inatosha kipanya na kibodi, basi.

Kisha simu zikaja, kila moja na pini yake. Mnamo 2009, kampuni kubwa za simu zilikubaliana na Tume ya Ulaya kutumia micro-USB. Mwaka uliofuata, kanuni za kuchaji kwa USB ziliruhusu ampea 1.5, yaani wati 7.5. Pawabanki za miaka hiyo zilizaliwa katika dunia hiyo. Zinajua simu, na zinajua volti 5 pekee.

Mambo yalibadilika 2012, USB Power Delivery ilipotangazwa. Mnamo 2014 tundu la USB-C likafuata, na 2015 Apple ikatoa MacBook yenye tundu moja tu la USB-C na chaja ya wati 29. Siri ya PD ni mazungumzo. Chaja inataja ilicho nacho, kwa mfano volti 5, 9, 15 au 20, halafu laptopu inachagua. Hivyo ndivyo waya uliobeba wati 2.5 ulifika wati 100, na tangu 2021 kanuni zinaruhusu hadi 240.

Sasa piga hesabu ya usiku wangu. Pawabanki yangu inatoa wati 10, na laptopu ikihariri video inakula zaidi ya 30. Ni kujaza ndoo kwa kikombe huku imetoboka chini. Na hata ningeizima, pawabanki ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37, kabla ya zile zinazopotea njiani. Betri yangu ni ya 50. Haingejaa.

Ulaya sasa imeweka sheria: simu mpya ziwe na USB-C tangu mwisho wa 2024, na laptopu tangu Aprili 2026. Ni poa, lakini hapo ndipo mtego ulipo. Zamani pini isiyofaa ilikataa kuingia, ukajua mapema. Siku hizi kila kitu kinaingia, hata kisichoweza kazi.

Kwa hivyo usiangalie umbo la tundu, soma yale maandishi madogo. Ukiona 5V pekee, hiyo ni ya simu. Ukiona PD na 20V, kuna matumaini, mradi wati zikaribie za chaja iliyokuja na laptopu. Ukiwa na chaja ndogo ya PD tu, zima laptopu kwanza, uiache ichaji polepole, kama itakubali.

Mimi niliacha chuo, lakini volti mara ampea ni hesabu ya shule ya msingi. Kutoijua kulinipotezea mteja. Geuza chaja yako sasa hivi. Ni wati ngapi?