Mtoto amezaliwa na mdomo wazi Musoma, Bunda au Butiama? Fanya haya kabla ya upasuaji

Kwa wastani, mtoto 1 kati ya 700 duniani huzaliwa na mdomo uliopasuka, kaakaa (paa la kinywa) lililopasuka, au vyote viwili. Mtaani tumezoea kuita mdomo sungura. Jina hilo linaumiza, ni bora kusema mdomo wazi.

Habari njema: inatibika. Lakini jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi siku ya kwanza ni hili: mtoto hafi kwa sababu ya mpasuko. Anayefariki mara nyingi ameshindwa kunyonya, amedhoofika, au maziwa yameingia kwenye mapafu. Kwa hiyo matibabu yanaanzia nyumbani, kwenye kikombe na kijiko.

Laana? Hapana

Mdomo hufunga kwenye wiki ya 4 hadi ya 7 ya ujauzito, kaakaa hufuata hadi wiki ya 9 hivi. Wakati huo wengine hata hawajajua kama ni wajawazito. Pande mbili zisipokutana, mpasuko unabaki. Urithi unachangia, pia sigara, pombe, upungufu wa asidi ya foliki na baadhi ya dawa za kifafa. (Kama unatumia dawa hizo usiache mwenyewe, ongea na daktari.) Hakuna aliyemroga mtoto, na baba hana sababu ya kumkimbia mama.

Angalia na kaakaa

Hata kama mdomo ni mzima, mwombe nesi amulike kinywani kwa tochi. Kaakaa lililopasuka peke yake halionekani kwa nje. Dalili zake: mtoto ananyonya muda mrefu bila kushiba, na maziwa yanatokea puani.

Namna ya kumlisha

Mwenye mpasuko wa mdomo tu mara nyingi ananyonya titi vizuri. Mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta maziwa, hata ajitahidi vipi. Huyo akamuliwe.

- Kamua maziwa ya mama kwenye kikombe kisafi, mpe kwa kijiko au kikombe kidogo.
- Mkalishe wima, kichwa juu. Usimlishe amelala chali.
- Mpe kidogo kidogo, mcheulishe mara kwa mara kwa sababu anameza hewa nyingi.
- Maziwa yakitoka puani, simama kidogo, apige chafya, kisha endelea.
- Mlo mmoja usizidi nusu saa. Ukizidi, anachoka na kutumia nguvu alizotakiwa kunenepea.

Baada ya wiki ya kwanza, hesabu mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 3 anahitaji kama mililita 450, yaani mililita 55 hivi kwa milo 8. Uji, asali na maziwa ya ng'ombe visubiri.

Kwa nini uzito

Ili apewe dawa ya usingizi kwa usalama, madaktari wengi hutaka mtoto awe na angalau wiki 10, uzito wa kilo 4.5 hadi 5, na damu ya kutosha (gramu 10 kwa desilita). Ukisafiri na mtoto wa kilo 3, unaweza kurudishwa nyumbani na nauli imeshakwenda. Mpime kila wiki kliniki. Anatakiwa kuongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Asipoongezeka, usisubiri tarehe ya kadi, rudi mapema.

Pa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, uandikiwe rufaa. Kwa mkazi wa Iringo, hospitali ya rufaa ya mkoa ni ya Mwalimu Nyerere, iliyopo Kwangwa, Musoma. Ya kanda ni Bugando, Mwanza, kama kilomita 220 kwa barabara inayopita Bunda. Dar es Salaam ipo CCBRT.

Shirika la Smile Train, lililoanzishwa 1999, hugharamia upasuaji huu kwenye hospitali washirika. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize mambo matatu: upasuaji unafanyika lini, ni bure au kuna malipo, na je, kuna msaada wa nauli na malazi?

Mdomo ukishonwa, bado

Hapa ndipo wengi huishia. Mdomo umependeza, familia inafurahi, kaakaa linasahaulika. Kaakaa hufungwa mtoto akiwa na miezi 9 hadi 18 hivi, kabla hajazoea kuongea kwa puani. Baada ya hapo anahitaji kuangaliwa masikio (huwa yanajaa maji na kupunguza usikivu), meno na matamshi.

Umechelewa? Hata mtu mzima anafanyiwa. Kama jirani yako amemficha kijana wa miaka 15 ndani, mwambie.

Usisubiri

Kimbilia hospitali mtoto akipumua kwa shida, akibadilika rangi kuwa bluu, akiwa na homa, akikataa kula, au akikojoa chini ya mara 6 kwa siku. Mwenye kidevu kidogo sana anayekoroma akilala chali, mlaze kwa ubavu wakati mnaelekea hospitali.