Hisa Baada ya Azimio

Wengi huamini kwamba Azimio la Arusha lilizika kampuni za hisa nchini Tanzania. Vitabu vya sheria vinasema mengine. Sheria ya Makampuni iliyotungwa na Waingereza mwaka 1932 haikufutwa wakati wote wa Ujamaa. Iliendelea kutumika mpaka ile ya 2002 ilipoanza kazi mwaka 2006.

Benki zilitaifishwa moja kwa moja tarehe 6 Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio kutangazwa. Viwandani Serikali ilitumia njia nyingine. Kwa bia, viatu vya Bata na saruji ya Wazo Hill, ilichukua hisa, si mitambo, na Shirika la Maendeleo la Taifa likakabidhiwa kuzishika. Kampuni zikabaki na bodi zao na vitabu vyao vya hesabu. Aliyebadilika ni mwenye mali.

Aliyetoweka ni mwanahisa mmoja mmoja. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Soko la hisa la Nairobi, lililoundwa rasmi mwaka 1954, likawapoteza wateja wa Tanganyika. Pasipokuwa na mnunuzi wala muuzaji wa hisa, msimamizi wa soko wa nini?

Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na kwangu mimi hapo ndipo soko letu lilipotungwa mimba. Mashirika mengi ya umma yalikuwa hoi, yakiishi kwa mikopo ya benki ya Serikali. Yalipoanza kunadiwa, watu waliuliza: yote yaende kwa wageni na matajiri wachache? Kuwauzia wananchi hisa lilikuwa jibu la kisiasa kabla ya kuwa la kiuchumi.

Kwa kuwa ulikuwa uamuzi wa kisiasa, Dar es Salaam msimamizi alitangulia soko. Nairobi ilifanya biashara ya hisa miaka 35 kabla Kenya haijatunga sheria ya mamlaka ya masoko ya mitaji mwaka 1989. Tanzania ilitunga yake 1994, ikaandikisha soko 1996, na mauzo yakaanza Aprili 1998 kwa kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Bia ikafuata mwaka huohuo. Kampuni haikuruhusiwa kuwauzia watu hisa bila waraka wa matarajio uliopitishwa na mamlaka hiyo ya masoko ya mitaji, na dalali alihitaji leseni. Wageni walifungiwa nje hadi 2003, wakapewa ukomo wa asilimia 60 ya hisa za kampuni, nao ukaondolewa 2014.

Kisha sheria ikaamuru kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Vodacom ilipouza zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, wanunuzi wa ndani hawakutosha. Muda ukaongezwa, na wageni, ambao awali hawakuruhusiwa kununua hisa hizo, wakakaribishwa. Sheria inaweza kumfungulia mwananchi mlango wa soko, lakini haiwezi kumpa fedha ya kununulia.