Kituo Kisichosogea: Chimbuko la Upimaji Linganishi wa Setilaiti

Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kutunguliwa na Muungano wa Kisovieti na watu 269 kupoteza maisha, Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba mfumo wa GPS, uliokuwa ukijengwa na jeshi la Marekani, ungeruhusiwa kutumiwa na raia. Ruhusa hiyo ilikuja na mipaka. Kuanzia mwaka 1990 jeshi lilitia makosa ya makusudi katika ishara za raia, hata kipokezi kimoja kikaweza kukosea kwa mita 100. Kwa nahodha aliye bahari kuu hilo ni jambo dogo. Kwa mpima ardhi ni viwanja vya majirani watatu au wanne.

Upimaji linganishi ulikiuka kizuizi hicho pasipo kufichua siri yoyote ya jeshi. Kipokezi kimoja huwekwa juu ya nukta ambayo mahali pake panajulikana tayari. Kwa kuwa hakisogei, kila setilaiti zinapoonyesha kuwa kiko penginepo, tofauti hiyo ni kosa tupu, nalo laweza kupimwa. Makosa ya saa na ya njia za setilaiti, pamoja na sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa mawimbi katika angahewa, humfikia mpimaji aliye jirani na kituo kwa kiwango kinachokaribiana. Masahihisho ya kituo humfaa yeye pia. Akienda mbali, manufaa hupungua. Kosa la makusudi lilitiwa hasa katika saa, hivyo likafutika pamoja na mengine.

Kilichofuata kina kichekesho chake. Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani kilijenga vituo vya kurusha masahihisho hayo kwa redio. Idara moja ikatia ukungu, nyingine ya serikali ile ile ikaupangusa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, ukungu huo uliondolewa.

Wapima ardhi hawakuusubiri usiku huo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Charles Counselman wa MIT na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba vipokezi viwili vikilinganisha wimbi lenyewe la ishara, lenye urefu wa sentimita 19 hivi, umbali kati yao hujulikana kwa usahihi wa sentimita au chini ya hapo.

Hata hivyo, usahihi huo ni wa umbali kutoka kituoni tu, jambo ambalo, kwa maoni yangu, hupitwa kwa haraka mno. Kenya, Uganda na Tanzania zilichora ramani zao juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Mtu akisoma namba za mfumo mmoja kana kwamba ni za mwingine, nukta huhama kwa takriban mita 300. Mpimaji anayekiingizia kituo chake namba zisizo zake atapata umbo safi la shamba, limekaa mahali pasipo pake. Hesabu hazitamwonya, kwa maana vipimo vyote vitakubaliana. Kosa litajitokeza siku shamba jingine, lililopimwa kutoka kituo kingine, litakapochorwa katika ramani hiyo hiyo, na familia mbili zikajikuta zinashika hati za kipande kimoja cha ardhi.