Kibarua wa Jana, Dereva wa Leo

Neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili jioni adai ujira wake. Akishalipwa, hakuna anayemjua tena. Nalikumbuka neno hilo kila nisikiapo habari za madereva wanaoitwa na abiria kwa simu za mkononi.

Tuanzie Mombasa. Katika miaka ya 1940 makuli wengi bandarini waliajiriwa kwa kutwa. Meli zikiwapo walikula. Zisipokuwapo walishinda na njaa. Wapo walioupenda utaratibu huo, maana mtu aliweza kwenda shambani kwake akitaka. Lakini vita ilipopandisha bei za vyakula na kodi za nyumba, uhuru huo haukununua unga. Tarehe 13 Januari, 1947 wafanyakazi waligoma, wa kutwa na wa mwezi pamoja, bandari na reli zikasimama. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo huo. Septemba ikawa zamu ya makuli wa Dar es Salaam, na mgomo ukafuata reli hadi bara.

Sasa twende London. Kampuni ya Uber, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ilidai kuwa haimwajiri dereva: yeye ni mfanyabiashara anayejitegemea, nayo ni wakala tu. Madereva, wakiongozwa na Yaseen Aslam na James Farrar, walikwenda barazani, wakashinda mwaka 2016. Kampuni ikakata rufaa mara tatu. Tarehe 19 Februari, 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwa kauli moja kuwa madereva wale ni wafanyakazi, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Majaji hawakuridhika na karatasi ya mkataba. Walitazama kazi yenyewe. Nani hupanga nauli? Kampuni. Nani huandika masharti? Kampuni. Dereva akikataa safari mara nyingi, au abiria wakimpa alama mbaya, nani humfungia mlango? Kampuni. Mfanyabiashara gani huyo asiyeweza kupanga bei ya bidhaa yake?

Hapa kwetu, Kenya ilitoa kanuni mwaka 2022, kamisheni ya kampuni isizidi asilimia 18 ya nauli. Ni hatua njema. Lakini kamisheni ni suala la mgawanyo wa fedha. Haisemi dereva huyu ni nani. Akivunjika mguu kazini, akiwa bado anadaiwa mkopo wa gari, asilimia 18 haitamtibu.

Najua wapo madereva wasiotaka bosi, na wana sababu zao, kama makuli waliopenda mashamba yao. Lakini bosi hatoweki kwa kuwa haonekani. Kwa maoni yangu, mahakama na mabunge yetu yaulize yale waliyouliza majaji wa London, kabla madereva hawajajibu kama walivyojibu makuli wa mwaka 1947.